Njia ni ya Nani?

Wasomaji wetu wapenzi, kina mama na kina baba, wiki hii tulikusudia kuendelea na mlango wa mirathi tuliouanza. Lakini tumerudi kutoka Nairobi na deni shingoni, na deni ni bora lilipwe mapema. Mirathi, inshallah, tutairudia wiki ijayo.

Tulialikwa Kibera, upande wa Makina, kutoa darsa kwa kina mama wa chuo kimoja. Familia zetu nyingi za pwani zina mtu wao huko au Kawangware: binti aliyeolewa, kijana anayesoma, ndugu aliyefuata riziki. Kwa hivyo hatukujiona wageni. Darsa ilipokwisha tukafungua mlango wa maswali, nasi tulijiandaa kuulizwa juu ya eda, swaumu na nafaka ya mke. Swali la kwanza likawa juu ya pikipiki.

Mama mmoja alisimama akasema kwamba mwanawe wa miaka saba alikuwa akirudi kutoka chuoni baada ya Alasiri, akagongwa na bodaboda katika uchochoro ule ule tuliopita sisi tukija. Mtoto akavunjika mguu, akakaa na plasta wiki nyingi. Kesho yake majirani walikusanyika, wakabingirisha mawe makubwa mdomoni mwa njia, na upande wa pili wakaweka pipa lililojazwa zege. Tangu siku hiyo, alisema, watoto wanacheza na mama ana amani.

Kabla hajaketi, mama mwingine, mtu mzima kuliko yeye, akainuka. "Dada, nakupa pole kwa mwanao," alisema, "na mawe yale nilisaidia kuyasukuma kwa mikono yangu." Kisha akaeleza kuwa mkaza mwanawe alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Gari lilipatikana, likaja mpaka kwenye pipa la zege, likasimama. Vijana walijaribu kulisukuma pipa wasiweze. Mzazi akapakiwa kwenye mkokoteni, akasukumwa gizani juu ya mashimo mpaka barabarani. Alhamdulillahi, alijifungua salama. "Lakini Shekhe," alituuliza, "lau angefia pale kwenye pipa, damu yake ingekuwa juu ya nani?"

Ukumbi ukagawanyika. Hawa wakasema pipa liondoke, wale wakasema likiondoka mtoto mwingine atazikwa. Mwishowe wakatugeukia sisi: njia ni ya nani? Tuliomba udhuru. Tuliona kuwa kujibu papo hapo ni kumuumiza mmoja wa mama wawili ambao wote wamesema kweli. Tukaahidi kwenda kutazama, kufungua vitabu, na kuandika. Haya ndiyo tuliyoyaona.

MTAA NA BARABARA YAKE

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatenga rasmi ekari 4,197. Wajukuu wao hawakupata hati ya ardhi ya jumuiya mpaka mwaka 2017, na hati hiyo ni ya ekari 288 tu. Katikati ya miaka hiyo watu wa kila kabila waliingia kutafuta maisha karibu na kazi za mji. Nyumba zilijengwa kwanza, njia zikabaki pale ambapo watu walikuwa wakipita. Ndiyo maana vichochoro vingi vya Kibera vyamtosha mtu na mzigo wake, na havimtoshi mwenye gari.

Wengi wenu mwakumbuka tarehe 23 Julai 2018. Siku hiyo matingatinga yaliingia Kibera ili kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Taarifa za wakati ule zilikadiria watu wapatao 30,000 waliopoteza makao, na shule kadhaa zilibomolewa watoto wakiwa katikati ya mwaka wa masomo. Barabara ilikuja, na hatukatai kuwa ina manufaa: mahali ambapo gari la wagonjwa na gari la zimamoto halikuweza kukaribia, sasa laweza kukaribia. Mtu aliyewahi kuona moto katika mtaa wa mabati anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini tulisimama pembeni mwa barabara ya mtaa baada ya Alasiri, wakati ambapo vyuo na shule hufunguka. Tuliona watoto wenye juzuu vifuani wakingoja kuvuka. Waliangalia kulia, wakaangalia kushoto, wakaanza, wakarudi. Matatu ikapita, pikipiki mbili zikapita upande ambao si wao, kisha gari dogo la mtu mmoja likapiga honi. Mtoto mkubwa akamshika mdogo mkono wakakimbia. Kila siku watoto wale hukimbia hivyo mara mbili, kwenda na kurudi. Watu wa mtaa wameshazoea, na jambo likizoeleka halisemwi tena.

Siku ya pili tulikwenda Kawangware. Mtu akishuka kwenye matatu ya nambari 46 hupokewa na soko: nyanya, mitumba, viatu, samaki wa kukaanga, vyote ukingoni mwa barabara, kwa sababu ukingo ndio duka la mnyonge. Hapo hapo hupita matatu, mikokoteni ya maji, bodaboda, malori ya kokoto, na maelfu ya watu kwa miguu. Hakuna aliyegawiwa sehemu yake. Kila mmoja huchukua anachoweza, na mwenye chuma kizito huchukua zaidi.

Asubuhi mapema tuliona safu ya watu wakitoka Kawangware kwa miguu, wengi wao wanawake, wakielekea Lavington na Kileleshwa kufua, kupika na kulea watoto wa watu. Tuliwafuata kwa macho na kidogo kwa miguu. Mwendo si mrefu, lakini huko waendako barabara ni nyingine. Kuna miti, kuna matuta, na katika mitaa mingi kuna kizuizi cha chuma na mlinzi anayemwuliza kila dereva anakwenda kwa nani. Watoto huendesha baiskeli bila hofu. Wenyeji walikaa, wakakubaliana, wakachanga fedha, wakapunguza magari yasiyowahusu. Hakuna aliyewaambia kuwa wanapinga maendeleo.

Basi tukajiuliza: kwa nini kizuizi cha tajiri kiitwe usalama, na jiwe la maskini liitwe ukorofi? Mama wa Makina alitaka kitu kile kile anachokitaka mama wa Lavington. Tofauti ni kwamba yule wa Lavington ana lango linalofunguka gari la wagonjwa likija, na huyu ana pipa la zege.

Wala hofu yao si wasiwasi wa kina mama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, takwimu za miaka ya karibuni zaonesha zaidi ya watu 4,000 wakifa kwa mwaka, na kundi kubwa kabisa ni la waendao kwa miguu. Waliokufa si wale waliochagua mwendo. Sheria yetu ya trafiki yakataza kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, lakini mwendo huo ni mkubwa mno kwa njia ya watoto. Ndiyo maana mawaziri na wajumbe waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 walihimiza kilomita 30 kuwa kikomo pale watu na magari wanapochanganyika.

VITABU VYETU VIMESEMA NINI

Baadhi ya watu hudhani kwamba mambo ya barabara ni ya wahandisi na polisi tu, na sheikh akiyagusa amevuka mpaka wake. Hao hawajafungua vitabu vya fiqhi. Haki za njia zina mlango wake, na wanazuoni waliuandika kabla gari halijazaliwa.

Kila mtoto wa chuo ajua kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Aliwafunza pia masahaba waliokaa njiani kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kuzuia udhia. Sisi tukisikia udhia hufikiri mwiba, jiwe au ganda la ndizi. Je, mwiba unaomchoma mtu unyayo ni udhia, na pikipiki inayovunja mguu wa mtoto si udhia?

Yapokewa pia katika hadithi sahihi kuwa watu wakigombania upana wa njia, iwekwe dhiraa saba, yaani kiasi cha mita tatu na kitu. Wanazuoni wameeleza hekima yake: mizigo ipate kuingia na kutoka, wala jirani asifungiwe. Hapa mama wa pili ana hoja. Sheria haikumsahau mwenye haja ya kufikiwa nyumbani kwake.

Sisi watu wa pwani ni Mashafi, na Imam Nawawi katika Minhaj ameliweka jambo hili wazi. Njia inayopenya, ambayo watu wote hupita, haifai kufanywa ndani yake jambo lenye kuwadhuru wapitao. Mtu akitaka kutokeza chumba juu ya njia, mfano wa wikio za Lamu, sharti kiinuke kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa wima, na washerehesha wakaongeza: akiwa na mzigo wake kichwani. Tazameni kipimo walichokichagua. Walipotaka kujua njia imebaki njia au imeharibika, walimtazama mtu aendaye kwa miguu na mzigo kichwani. Akipita bila kuinama, njia ni salama. Pale misafara ipitapo wakaongeza kimo kwa ajili ya ngamia, lakini hawakumwondoa mtu ili ngamia apate nafasi.

Imam huyo huyo akasema kuwa ni haramu kujenga baraza au kupanda mti katikati ya njia ya wote. Pipa la zege lina hukumu hiyo hiyo. Watu wachache, hata wakiwa na uchungu wa haki, hawana ruhusa ya kuifunga njia ya umma kwa uamuzi wao. Uchochoro usiopenya una hukumu nyingine, kwani huo ni wa wenye milango ndani yake, nao wakiafikiana wote wana nafasi pana zaidi. Lakini uchochoro wa Makina hupenya, na ndani yake mna chuo. Njia hiyo ni ya watu wote. Na mambo ya watu wote huamuliwa na mwenye mamlaka juu yao, naye amefungwa na kanuni mashuhuri kwamba uamuzi wa kiongozi juu ya raia wake hauna budi kufuata maslahi yao.

Limebaki la dereva. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei, liliamua kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Mwenyezi Mungu ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia watu. Basi kijana wetu anayepita kasi mbele ya chuo hakosi mbele ya askari wa trafiki peke yake. Na akiua kwa kukosea, Qur'ani imeweka diya kwa jamaa wa marehemu na kafara, ambayo zama zetu hizi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Bima yaweza kulipa fedha. Hakuna bima itakayomfungia siku hizo 60.

MIZIGO HUANGUKIA WAPI

Wapo watakaosema: basi serikali ipige marufuku magari, mambo yaishe. Subirini kidogo, kwa maana Nairobi imekwisha kutupa mafunzo.

Tarehe 3 Desemba 2018 kaunti iliamuru matatu zisiingie katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Asubuhi hiyo wazee, wagonjwa na kina mama wenye watoto mgongoni walishushwa mbali, wakatembea. Magari ya watu binafsi yaliendelea kuingia, na kila moja huchukua nafasi kubwa kwa mtu mmoja au wawili. Malalamiko yakazidi na amri ikasitishwa upesi. Haikupita miezi miwili, Wizara ya Uchukuzi ikatangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Februari 2019 kutakuwa na siku mbili katika wiki bila magari ya binafsi katikati ya mji. Siku ilipofika, mpango ukaahirishwa, na mpaka leo haujaanza. Amri iliyomgusa mnyonge ilipata angalau siku yake. Amri iliyomgusa mwenye gari haikupata hata asubuhi moja.

Kwa hivyo kizuizi chochote kipimwe kwa swali hili: kinaanza na nani? Kikianza na mwenye mkokoteni na bodaboda anayelisha watoto watano, huku gari la fahari likipita, hicho si kizuizi cha haki. Waendesha bodaboda nao ni watoto wetu. Mama mmoja palepale ukumbini alisema kuwa karo ya mabinti zake hutoka kwenye pikipiki ya mumewe. Hatutaki riziki yake ikatwe. Twataka apunguze mwendo afikapo kwenye watoto wa wenziwe, kama anavyotaka wengine wapunguze wafikapo kwa wake.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani kwa watu weusi, kama tulivyosikia mzee mmoja akisema. Kigali imekuwa na siku zake za kuacha magari tangu mwaka 2016, ambapo barabara kubwa hufungwa asubuhi na watu hutoka kukimbia, kutembea na kupimwa afya zao. Na kwa nini twende Kigali? Mji wa kale wa Lamu umekaa karne nyingi na mitaa ya miguu na punda. Watoto wa Lamu huenda chuoni peke yao bila kushikwa mkono. Waliojenga mitaa ile walisoma vile vitabu tulivyovitaja. Mji huo umeingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni hulipa fedha nyingi kuja kutembea mahali ambapo hawatapigiwa honi. Kitu kinachofuatwa na mgeni kutoka mbali, mtoto wa Kibera hakistahiki?

JAWABU LETU

Tuliulizwa njia ni ya nani. Jawabu letu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi, ni kuwa njia ya mtaani ni ya aendaye kwa miguu, na gari ni mgeni ndani yake. Mgeni hafukuzwi, hasa akija kwa haja ya mgonjwa, jeneza, moto au mzigo. Lakini mgeni huingia polepole, hubisha hodi, wala hajifanyi mwenye nyumba.

Kwa hivyo twawaambia mama zetu wawili, mawe na pipa viondoke, na kasi pia iondoke. Kuondoa kimoja bila kingine ni kumtoa kafara mtoto wa huyu au mkaza mwana wa yule. Yapo ya kufanya, na mengi hayana gharama kubwa.

La kwanza, mahali pa pipa yawekwe matuta yaliyojengwa vizuri, au nguzo ya chuma inayong'oka. Funguo zikae katika nyumba tatu zinazojulikana, kwa watu wasiosafiri, na nambari zao za simu ziandikwe ukutani. Saa nane za usiku nguzo itang'oka kwa dakika moja. Pipa la zege halingojei mtu mwenye funguo.

La pili, waendesha bodaboda wa kituo kilicho karibu waitwe, wasisemwe kwa mbali. Wao wana mwenyekiti wao na kanuni zao. Wakikubali wenyewe kuzima injini na kusukuma pikipiki katika ile nusu saa ya watoto kuingia na kutoka chuoni, watailinda ahadi hiyo kuliko amri ya mtu wa nje. Mume wa yule mama wa karo awe wa kwanza kuulizwa.

La tatu, jambo lifikishwe kwa kaunti kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Ibara ya 37 imempa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa wenye mamlaka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilijiwekea sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikaahidi kuutengea asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi. Kina mama wa Makina na Kawangware wakiuliza asilimia hiyo imefika wapi katika wadi zao, hawaombi sadaka, wanadai ahadi. Waandike mambo machache yanayoeleweka: kivukio mbele ya chuo na shule, matuta, taa, njia ya miguu isiyokaliwa na magari, na mahali pa wachuuzi ili wasisukumwe katikati ya barabara. Wachuuzi wasifukuzwe kwa jina la usalama, kwani wengi wao ndio hao hao kina mama. Barua ikitiwa saini na wakazi wa dini zote ni bora zaidi, kwa sababu gurudumu halimwulizi mtoto dini yake.

KOSA LETU WENYEWE

Tungependa kumalizia hapo, lakini haitakuwa amana. Siku ile ya darsa, sisi tulikuja kwa gari. Wenyeji wetu, kwa heshima, walituzungusha upande usio na pipa, wakaliegesha gari mlangoni mwa chuo, na kwa hishima hiyo hiyo hakuna aliyetuambia neno. Tulipotoka, baada ya kusikiliza kilio cha mama wawili, tuliwakuta watoto wakipita mmoja mmoja juu ya ukingo wa mtaro, mgongo ukikwaruza ukuta, kwa sababu gari la sheikh limejaza njia. Kitoto kimoja cha kike kilitukunjulia uso na kutuamkia, "Shikamoo Shekhe," huku kikishika ukuta kisitumbukie. Tuliitikia kwa aibu ambayo bado tunayo tunapoandika haya.

Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu. Ijumaa twaegesha mbele ya milango ya watu kwa hoja kwamba tumekwenda kusali. Harusini twafunga mtaa mzima kwa gari zilizopambwa. Mama ana gari, msikiti uko mwendo wa dakika saba, naye huwasha injini. Kijana amenunuliwa pikipiki kabla ya kufunzwa adabu ya njia. Kisha twailaumu kaunti. Kaunti ina makosa yake nayo itajibu kwa yake, nasi tutaulizwa ya kwetu.

Tumeazimia, kwa msaada wa Allah, kwamba tukialikwa mtaani tutashukia barabara kuu na kuingia kwa miguu. Twawaomba na nyinyi, kila nyumba ichague jambo moja wiki hii. Baba aegeshe mbali na mlango wa msikiti. Mama mwenye gari awatembeze watoto wake chuoni walau siku mbili, aione njia kama wanavyoiona wao. Mwenye kijana wa bodaboda akae naye baada ya Isha, amsomee hukumu ya diya na kafara kwa upole, kabla haijamlazimu.

Na nyinyi mama zetu wawili wa Makina, tumesikia kuwa pipa bado lipo na kwamba mumeanza kupishana bila kusalimiana. Hilo limetuuma kuliko pipa lenyewe. Kaeni pamoja, kila mmoja na mwana wake mkononi, huyu wa mguu uliounga na huyu mchanga aliyezaliwa usiku ule. Wote wawili watakua na kupita njia hiyo hiyo. Mkikubaliana nyinyi, mtaa utawafuata, na sisi tutarudi kuisukuma zege hiyo pamoja nanyi, kwa miguu.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu njiani na majumbani, awape shifaa waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoondoa udhia, wala si wanaouweka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.